Maswali ya Wasomaji: Nani Anaishikilia Gridi Isianguke?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mamia ya mitambo, maelfu ya kilomita za nyaya na mamilioni ya swichi ambazo kila mtu huwasha na kuzima anavyotaka, yaani gridi ya umeme, vinakaaje pamoja mwaka mzima bila kusambaratika? Na siku vinaposambaratika, huwa nini? Tumechagua barua saba. Nyingine zilirudia maswali yaleyale, tumeziunganisha.

Tumbili na nchi nzima

*Habari za kazi. Mwaka 2016 tuliambiwa tumbili amezima umeme wa Kenya nzima. Mimi ni fundi wa majumbani, na ninachojua ni kwamba fyuzi ya chumba kimoja haizimi nyumba ya jirani. Mnyama mmoja anawezaje kuzima nchi? — Fundi, Thika*

Fundi, kisa ni cha kweli. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akadondokea transfoma. Transfoma ikatoka, yaani ikajizima kwa kinga yake, mitambo mingine ya kituo ikaelemewa nayo ikatoka, zikapotea zaidi ya megawati 180 kwa mkupuo. Tumbili alipona. Gridi haikupona.

Mfano wako wa fyuzi ni mzuri kwa sababu unaonyesha tofauti yenyewe. Fyuzi ikikata, imeondoa mzigo. Tumbili aliondoa chanzo, na mzigo wote ukabaki palepale ukidai chakula chake. Nyaya hazina ghala. Umeme unaotumika sekunde hii unazalishwa sekunde hii, na ukipungua, upungufu lazima utoke mahali. Mahali hapo ni kwenye chuma kinachozunguka. Rota za jenereta zote za gridi, zenye uzito wa makumi hadi mamia ya tani, zimefungamana kwa umeme kana kwamba ziko kwenye ekseli moja. Mmoja akitoka, waliobaki wanabeba mzigo wake papo hapo kwa kutoa nishati ya mwendo wao wenyewe, na kwa hiyo wote wanapunguza mwendo kwa pamoja. Mwendo huo ndio masafa, au frikwensi kama mafundi wengi wanavyosema: mizunguko 50 kwa sekunde, yaani 50 Hz.

Kasi ya kushuka unaweza kuikokotoa mwenyewe. Tuchukue gridi inayobeba megawati 1,500, ambayo chuma chake kina nishati ya kutosha kubeba mzigo wote kwa sekunde 4 (wahandisi huziita sekunde za inesha, kwa mitambo mingi huwa kati ya 2 na 6). Megawati 180 zikipotea, gawanya 180 kwa 1,500, upate 0.12. Zidisha kwa 50, upate 6. Gawanya kwa mara mbili ya sekunde za inesha, yaani 8. Jibu ni 0.75: masafa yanaanza kushuka robo tatu ya Hz kila sekunde. Bila msaada wowote yatakuwa 49 Hz kabla ya sekunde moja na nusu kwisha. Hakuna mtu aliye katika chumba cha udhibiti, hata awe amekodolea skrini macho, atakayefanya lolote kwa muda huo.

Msaada wa kwanza ni gavana, kifaa kinachopima mwendo wa mtambo na kufungua maji, mvuke au gesi mwendo unaposhuka. Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Gavana za gridi hazipangwi zirudishe 50 kamili. Hupangwa kwa makusudi ziwe na ulegevu wa asilimia 4 au 5. Asilimia 5 ya 50 ni 2.5, maana yake masafa yakishuka 0.5 Hz, kila mtambo wenye nafasi unaongeza moja ya tano ya uwezo wake, kisha unatulia hapo. Ukiweka mitambo miwili isiyo na ulegevu kwenye gridi moja, kila mmoja ukishikilia 50 yake, tofauti ndogo kabisa ya vipimo itaifanya igombane: mmoja unafungua hadi mwisho, mwenzake unafunga. Ulegevu ndio unaoifanya igawane mzigo kwa uwiano wa ukubwa wao, bila simu wala waya wa mawasiliano kati yao. Kila mmoja unasikiliza masafa tu. Baadaye chumba cha udhibiti, Ubungo kwa Tanzania, Juja Road kwa Kenya, kinaamuru mitambo iliyoteuliwa iongeze kidogo kidogo mpaka 50 irudi. Hilo ni suala la dakika.

Gavana ya maji ina udhaifu wake. Bomba la maji yanayoshuka kwenye turbini ni refu na zito. Ukifungua mlango ghafla, mwanzoni nguvu inapungua badala ya kuongezeka, kwa sababu shinikizo mlangoni linashuka kabla maji hayajapata kasi. Kwa hiyo gavana ya maji hulazimika kwenda taratibu. Nchi inayotegemea sana maji inapata msaada huo ikiwa imechelewa, na chuma kinachozunguka ndicho kinachonunua sekunde za kusubiri.

Masafa yakiendelea kushuka hadi karibu 47.5 Hz, mitambo inaanza kujitoa. Hilo si kosa. Pangaboi za turbini ya mvuke hutetemeka vibaya nje ya mwendo wake na zinaweza kupasuka. Pampu za kituo nazo zinapunguza kasi kwa sababu zinakula umeme uleule mbovu. Lakini kila mtambo unaojiokoa unaongeza mzigo kwa waliobaki. Kuanzia hapo hadi giza kamili ni sekunde chache.

Kwa nini mtaa wetu?

*Naomba kuuliza. Gazetini wanaandika hitilafu ilikuwa mamia ya kilomita kutoka hapa, lakini mtaa wetu ulikatika na mtaa wa pili una umeme. Huu si upendeleo? — Msomaji, Morogoro*

Mara nyingi hapana, ingawa tunaelewa unavyouona. Kwenye vituo vya kupoza umeme kuna rilei zinazopima masafa. Yakishuka hadi kiwango kilichopangwa, rilei inakata fida kadhaa, yaani laini zinazopeleka umeme mitaani, bila kumuuliza mtu, ndani ya sehemu ya sekunde. Yakishuka zaidi, kundi la pili linafuata, kisha la tatu. Ulaya bara ngazi ya kwanza ni 49.0 Hz. Uingereza ni 48.8. Fida ya mtaa wako iko kwenye kundi la mapema, ya jirani haipo, pengine kwa kuwa ina hospitali au pampu ya maji. Kama makundi hayazungushwi, hilo ni la kulalamikia, na mna haki.

Uingereza mpango huo wa kukata kwa makundi ulitumika tarehe 9 Agosti 2019. Saa 10:52 jioni radi ilipiga laini kaskazini mwa London. Laini ilirudi kama kawaida, lakini shamba kubwa la upepo baharini, mtambo wa gesi na vyanzo vingi vidogo vilijitoa karibu kwa pamoja. Masafa yalifika 48.8, wateja wapatao milioni 1.1 wakakatwa, masafa yakapanda, na wote wakarudishiwa ndani ya saa moja. Gridi ilifanya kazi yake.

Usumbufu mkubwa siku hiyo ulitoka kwingine. Treni za aina fulani zilikuwa na programu iliyozizima masafa yalipopita chini ya 49 Hz. Baadhi zilikataa kuwashwa na dereva, zikasubiri fundi mwenye kompyuta afike njiani. Abiria walikwama kwa saa nyingi baada ya umeme kurudi. Ukinunua mashine kubwa ya kiwanda, muulize muuzaji swali hilo: masafa yakigusa 48.5 kwa sekunde chache itafanya nini, na nani anaweza kuiwasha tena?

Jenereta "inayopumua"

*Shikamooni wataalamu. Nina jenereta ya petroli ya kilovoti-ampea 3. Bila mzigo inapanda na kushuka kama inapumua, taa nazo zinafifia na kung'aa. Mafundi wawili wamebadilisha kifaa cha kudhibiti volteji bila mafanikio. — Mwenye saluni, Iringa*

Marahaba. Wamebadilisha kisicho na kosa. Taa zinafuata mwendo wa injini, na mwendo ni kazi ya gavana na mafuta, si ya volteji.

Jenereta yako ina nguzo mbili za sumaku, hivyo mizunguko 3,000 kwa dakika ndiyo 50 Hz. Chomeka multimita yenye kipimo cha Hz kwenye soketi ya jenereta. Bila mzigo inatakiwa isome kama 52, ikibeba mzigo kamili ikaribie 50 au chini yake kidogo. Ule ulegevu wa gavana tuliomweleza fundi wa Thika uko hata kwenye kijenereta chako. Usomaji ukicheza 48, 53, 48, 53 kwa mpigo unaojirudia, hiyo ndiyo pumzi.

Kabla ya kufungua chochote, vuta choki kidogo injini ikiwa inaunguruma. Pumzi ikikoma, injini ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sababu kwa kawaida ni jeti ya kabureta, kitundu kinachopitisha petroli, iliyoziba (petroli iliyokaa miezi huacha gundi) au gasketi kati ya kabureta na injini inayopenyeza hewa. Vua bakuli la kabureta, toa jeti, ioshe kwa dawa ya kabureta na kuipuliza. Usiitoboe kwa waya: tundu likipanuka hata kidogo, hesabu ya mafuta imeharibika moja kwa moja. Mwaga petroli yote ya zamani na angalia kama kuna maji chini ya tangi.

Kama choki haibadilishi kitu, nenda kwenye mkono wa gavana. Uguse kwa kidole injini ikiwa imezimwa: uende na kurudi bila kukwama wala kulegalega. Fimbo iliyopinda, tundu lililolika au springi iliyobadilishwa kwa springi "inayofanana" humfanya gavana asikie mwendo kwa kuchelewa. Anayesahihisha kwa kuchelewa husahihisha kosa ambalo limeshapita, na kwa hiyo hutengeneza jipya upande wa pili. Ugonjwa huo hata gridi huupata, tutauona kwenye barua ya Arusha.

Hadi itengemae, usichomeke friji wala kompyuta.

Maji ya kijiji na hita "zinazokula umeme bure"

*Sisi ni kamati ya umeme wa kijiji. Tuna turbini ya maji ya kilowati 30. Ndani ya nyumba ya mtambo kuna pipa la maji lenye hita tisa zinazochemsha mchana na usiku. Wanakijiji wanasema ni upotevu, wanataka zizimwe. Pia mashine ya kusaga ikiwashwa taa za kijiji kizima zinazama. — Ludewa*

Msizime. Hita hizo ndizo gavana yenu.

Turbini ndogo mara nyingi haina gavana ya kubana maji, kwa kuwa ni ghali na huharibika. Badala yake maji yanaachwa yaingie kiasi kilekile, na kisanduku cha elektroniki kinahakikisha jenereta inaona kilowati 30 muda wote. Nyumba zikila 12, kisanduku kinapeleka 18 kwenye hita. Nyumba zikila 25, hita zinapata 5. Ukiondoa hita usiku wa manane watu wamelala, maji yaleyale hayana pa kupeleka nguvu yake, na turbini inakimbia. Turbini ya kijiji isiyo na mzigo inaweza kufika karibu mara 1.8 ya mwendo wake, yaani karibu 90 Hz, volteji ikipanda nayo. Balbu, televisheni na chaja za kijiji zinakwenda kwa usiku mmoja, pengine na beringi za jenereta.

Angalieni hesabu. Hita zenu tisa zikiwa za kilowati 4 kila moja, jumla ni 36, ziada ya asilimia 20 juu ya turbini. Ziada hiyo si anasa. Zikiungua mbili bila mtu kujua, zimebaki 28, na usiku ambao kijiji kimezima kila kitu kuna kilowati 2 zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo kila mwezi pimeni kila hita kwa klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya. Inayosoma sifuri wakati wenzake wanasoma, ibadilishwe wiki hiyohiyo. Maji ya pipa yasishuke chini ya hita: ikiwaka nje ya maji inaungua kwa dakika. Kwangueni magamba ya chokaa mara moja kwa mwaka.

Mkitaka joto hilo likaushe mahindi au liogeshe wageni, vizuri sana, mradi pasiwe na swichi yoyote ya kuziondoa hita kwenye kisanduku. Swichi ikiwepo, siku moja mtu mwema ataizima.

Mota ya mashine ya kusaga, tuseme ya kilowati 7.5, ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida kwa sekunde kadhaa, na hapo jenereta ya 30 inapiga magoti. Wekeni kiwashio cha staa-delta, kinachopunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi, na msagaji awashe hopa ikiwa tupu. Nguvu ya kuanzia nayo inabaki theluthi, ndiyo maana mashine yenye mahindi ndani itakataa.

Siku ya dharura ya kufunga maji kwa mkono, zungusheni gurudumu la vali taratibu, nusu dakika hadi dakika nzima. Maji ya kwenye bomba yakisimamishwa ghafla hupiga kama nyundo na kupasua bomba.

Umeme unarudi, unakatika tena

*Gridi ikizimika yote, kwa nini inachukua saa nyingi? Mitambo si ipo mizima? Na kwa nini mara nyingine unarudi dakika kumi kisha unaondoka tena? — Msomaji, Mwanza*

Mitambo ni mizima lakini imelala, na kituo kikubwa kinahitaji umeme ili kizalishe umeme: pampu za mafuta ya beringi, feni, vikandamiza hewa, umeme wa kuamsha sumaku. Hivyo huanza vile vinavyoweza kujiamsha, hasa vya maji vyenye betri na jenereta ya dizeli pembeni, pamoja na baadhi ya turbini za gesi.

Mtambo wa kwanza ukishazunguka, kazi ngumu ndiyo inaanza. Kuwasha laini ndefu tupu si jambo dogo. Laini ya msongo wa kilovoti 400 isiyo na mzigo ni kapasita kubwa, inatoa takriban megava 0.6 (kipimo cha umeme unaopandisha volteji bila kufanya kazi) kwa kila kilomita. Kilomita 300 ni megava 180, na volteji ya mwisho wa laini inapanda juu ya ile ya mwanzo. Ikipanda mno, kinga za transfoma zinakata na mnaanza upya. Ndiyo sababu vituo vina koili kubwa, rieakta, za kumeza ziada hiyo, na waendeshaji hupendelea kuanza na laini fupi za msongo mdogo.

Kisha mzigo hurudishwa kwa vipande. Kanuni ya mkono wanayoitumia waendeshaji wengi ni kipande kisichozidi asilimia 5 ya mitambo iliyokwisha kuwashwa. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235, kwa hiyo ukiwa peke yake unapewa kama megawati 12 kwa wakati mmoja. Subiri masafa yatulie, ongeza, subiri. Hesabu vipande vinavyohitajika kufikia zaidi ya megawati elfu moja na utaelewa saa zinakokwenda.

Dakika zako kumi zinatoka hapa. Baada ya saa tatu za giza, fida iliyokuwa ikila megawati 5 inarudi ikidai 8 au 10. Kwa kawaida friji za mtaa hupokezana: hii inawaka, ile imepumzika. Baada ya giza refu zote zina joto na zote zinawaka kwa pamoja, na viyoyozi pia, na pasi zilizosahaulika. Kipande kilichokadiriwa 12 kinakuwa 20, masafa yanazama, rilei zinakata.

Umeme ukikatika, zima friji, kiyoyozi, pasi na hita ya maji, acha balbu moja ikupe habari. Ukirudi, subiri dakika 10 kabla ya kuwasha vikubwa. Kwa friji kuna sababu ya pili: kompresa inayowashwa kabla ya dakika 3 hadi 5 tangu izimike inasukuma dhidi ya shinikizo lililobaki, inakwama na kuungua. Kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya soketi na plagi kinahesabu dakika hizo kwa niaba yako. Kinafaa kuliko stabilaiza ya bei mbaya.

Kuungana na majirani

*Tanzania na Kenya sasa zimeunganishwa. Si tumejitafutia balaa, kwamba tatizo la Nairobi litatuzima Arusha? Na ile laini ya Ethiopia hadi Kenya je? — Mwalimu, Arusha*

Mwalimu, hofu yako ina msingi, lakini hesabu inaelemea upande wa kuungana. Laini ya kilovoti 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida, kupitia Namanga, iliwashwa mwishoni mwa 2024. Rudia hesabu ya tumbili, ila uzito wa chuma uwe mara mbili: megawati 180 zilezile zinashusha masafa kwa nusu ya kasi, na gavana za pande zote mbili zinasaidia. Jambo hilo lina uzito kwa Tanzania hasa kwa sababu ya ukubwa wa mitambo yake mipya. Gridi ikibeba megawati 1,900 jioni, mtambo mmoja wa 235 ni asilimia 12. Saa tisa usiku mzigo ukiwa mdogo, asilimia hiyo inapanda. Mwendeshaji makini huiendesha kadhaa kwa mzigo wa kiasi badala ya michache iliyojazwa hadi mdomoni, hata kama maji yanatumika kwa ufanisi mdogo zaidi.

Kuna balaa mbili za kuangalia. Ya kwanza ni ile pumzi ya jenereta ya Iringa kwa ukubwa wa nchi: mitambo ya upande mmoja inabembea dhidi ya ya upande wa pili kupitia laini ndefu, mbembeo mmoja ukichukua sekunde kama 1 hadi 5. Ukikua, laini inakatika. Dawa yake ni vifaa vinavyotuliza mbembeo kwenye mifumo ya sumaku ya jenereta, na kazi kubwa ni kuvipanga upya kila gridi inapobadilika umbo.

Ya pili ni kuzoea kupokea. Usiku wa tarehe 28 Septemba 2003 Italia ilikuwa ikiagiza zaidi ya megawati 6,000. Saa 9:01 laini moja nchini Uswisi iligusa mti na kukatika. Nyingine zikapata joto, waya ukipata joto unarefuka na kulegea, na saa 9:25 ya pili nayo ikagusa mti. Zilizobaki zikakatika kwa sekunde, na ndani ya dakika chache Italia nzima, isipokuwa Sardinia, ilikuwa giza. Waendeshaji walikuwa na zaidi ya dakika 20 za kupunguza uagizaji, nao hawakupunguza vya kutosha kwa wakati. Kanuni inayolinda gridi zote inasema: iendeshe ili kupotea kwa kitu kimoja chochote, laini, mtambo au transfoma, kusiangushe kingine. Kikishapotea, hesabu inaanza upya kwa kile kitakachofuata.

Visiwa vinajua maana yake bila hesabu. Unguja iliwahi kuning'inia kwenye kebo moja ya baharini iliyowekwa mwaka 1980. Ilipoharibika Mei 2008, giza lilikaa karibu mwezi. Desemba 2009 likaja jingine la karibu miezi mitatu. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilizinduliwa 2013.

Na kwa kuwa umeuliza pembeni kuhusu Ethiopia: laini yake kwenda Suswa, Kenya, ya hadi megawati 2,000, ni ya mkondo mnyoofu. Haipitishi masafa, kwa hiyo mtikisiko wa masafa wa Ethiopia haufiki Kenya kwa njia hiyo. Ila laini yenyewe ikikatika, Kenya imepoteza kwa mkupuo chochote ilichokuwa ikipokea.

Saa ya jikoni

*Nipo Ujerumani. Mwanzoni mwa 2018 saa ya oveni yangu ilichelewa dakika sita, nikairekebisha, baadaye ikawahi. Ilikuwa mbovu? — Msomaji, Hamburg*

Ilikuwa nzima. Saa hizo hazina fuwele ya kupimia muda, zinahesabu mizunguko ya umeme. Kuanzia katikati ya Januari hadi mapema Machi 2018, mgogoro kati ya Serbia na Kosovo ulisababisha upungufu ambao hakuna aliyeuziba, na gridi nzima ya Ulaya bara, kutoka Ureno hadi Uturuki, ikaenda kwa wastani wa 49.996 Hz. Ni pengo dogo mno, hakuna taa iliyofifia. Lakini kwa takriban wiki saba lilijikusanya hadi dakika sita. Kisha waendeshaji wakaiendesha gridi kwa 50.01 kwa wiki kadhaa kulipa deni, na saa uliyokuwa umeirekebisha ikakimbia mbele.